Difyuza za flashi kwenye harusi za Kigoma: uzoefu wangu kwa anayefikiria kununua

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi hapa Kigoma mjini na Ujiji, na kwa kuwa mimi ni mwanamke, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika upande wa akina mama: chumba anamopambwa bibi harusi, ua lililofunikwa turubai, na baadaye ukumbini. Vijana wanaoanza kazi huniuliza mara kwa mara kama difyuza ya flashi, yaani kifaa cha kuvishwa flashi ili kutawanya au kulainisha mwanga wake, ni kitu cha kununua au ni njia tu ya wauza vifaa kutula fedha. Nimetumia aina tatu, yaani kofia nyeupe ya plastiki inayovishwa kichwa cha flashi, kuba la silikoni linalokunjika, na softiboksi (boksi la kitambaa lenye uso mweupe unaopitisha mwanga) ya sentimita 60, zote kwa flashi za Godox TT600 na Godox V1. Jibu langu ni kwamba zinafaa, lakini si kwa sababu wanazozitaja wauzaji, na si kila mahali.

Nianze na kofia, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa na wengi. Mimi niliilipia shilingi 15,000, bila kuhesabu gharama ya kuisafirisha kwa basi kutoka Kariakoo. Mnunuzi huambiwa kwamba plastiki hiyo hulainisha mwanga. Kwa hakika, kinacholainisha mwanga ni ukubwa wa chanzo chake ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa anayepigwa picha. Jua lina kipenyo cha karibu kilomita milioni 1.4, lakini kwa kuwa liko mbali nasi kwa karibu kilomita milioni 150, saa saba mchana pale Kibirizi hutupa kivuli chenye ukingo mkali chini ya pua na chini ya kidevu. Siku ya mawingu, anga lote ndilo linalogeuka kuwa chanzo cha mwanga, na kivuli hicho hukioni. Kofia ya plastiki imezidi kichwa cha flashi kwa ukubwa kidogo sana, kwa hiyo ukiielekeza moja kwa moja kwa bibi harusi aliyesimama mita tatu mbele yako utapata kivuli kilekile ukutani nyuma yake, ila betri zako zitakuwa zimechoka zaidi.

Kazi halisi ya kofia ni kutawanya mwanga pande zote ili ugonge dari na kuta, kisha urudi kutoka eneo pana. Kinacholainisha hapo ni dari na kuta. Kwa sababu hiyo mahali pake ni chumba kidogo chenye dari nyeupe na kuta zisizo na rangi kali, na vyumba vya namna hiyo Ujiji vipo vingi. Chumba cha kupambia kinakuwa kimejaa somo, mashangazi, wifi na watoto wanaochungulia mlangoni, na mpiga picha hawezi kurudi nyuma hata hatua mbili. Katika mazingira hayo sina kifaa kinachoishinda kofia.

Picha za mikono yenye hina ndizo zinazoonyesha tofauti kwa ukaribu zaidi. Ukitumia flashi tupu, ngozi hung'aa pale ilipopakwa mafuta, bangili za dhahabu hugeuka nukta nyeupe zisizo na rangi yoyote, na vivuli vya vidole huangukia juu ya maua yenyewe. Ukivisha kofia na kuinua kichwa cha flashi kiangalie juu, maua ya piko huonekana hadi kwenye ncha za kucha, na dhahabu inabaki na rangi yake. Usoni nako ni vivyo hivyo. Baadhi ya poda za kumalizia vipodozi zina silika, ambayo ikipigwa na flashi ya moja kwa moja hurudisha mwanga na kuacha weupe wa majivu chini ya macho na kwenye paji la uso. Kwa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi weupe huo hauondoki kirahisi kwenye kompyuta, na matokeo yake ni mpambaji na mpiga picha kutupiana lawama wiki nzima, ilhali mwanga uliotoka darini ungewaepusha wote wawili. Ipo pia faida ambayo sijaiona kwenye tangazo lolote. Shangazi wa bibi harusi mmoja aliniambia, “Mwanangu, leo taa yako haitutoboi macho,” na tangu hapo sikuambiwa tena nitoke nje kidogo ili watu wapumzike.

Chumba kikiwa kimepakwa rangi ya mafuta ya kijani au ya bluu, kofia huwa mzigo. Mwanga unarudi umebeba rangi ya ukuta, upande mmoja wa uso unakuwa wa kijani na upande wa pili una umanjano wa balbu, na hakuna mpangilio wa mizani ya rangi unaoweza kusahihisha pande zote mbili kwa pamoja. Katika vyumba hivyo naivua kofia, naielekeza flashi darini peke yake, na naifunga kadi nyeupe kwa mpira nyuma ya kichwa cha flashi ili mwanga kidogo uende mbele kujaza macho. Kadi hiyo niliikata kwenye boksi la karatasi, na sioni aibu kusema kwamba kwa picha nyingi inatosha kuliko vifaa vya bei kubwa.

Ukumbini ndiko fedha za wengi zinakopotea. Kamati ikishachagua rangi ya harusi, wapambaji hufunika dari kwa vitambaa vya rangi hiyo, na taa za jukwaani huwashwa za bluu na zambarau. Ukirusha mwanga kwenye kitambaa cha zambarau, shela jeupe linatoka la zambarau, na bwana harusi anayetabasamu anaonekana mgonjwa. Vitambaa vikiwa vyeupe au vya rangi ya maziwa hakuna shida. Kwa kweli ukumbi wa namna hiyo wenye dari ya mita tatu hivi ni raha tupu. Kumbi zisizo na dari, zenye mabati na kenchi tupu, hazirudishi kitu cha maana, na makanisa yenye paa refu ni mabaya zaidi, kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Huko kofia hula mwanga kisha hairudishi chochote. Turubai jeupe la uani, kwa upande mwingine, ni dari nzuri kabisa, na watu wengi hawalifikirii.

Suala la nguvu nalo lisichukuliwe kijuujuu. Kofia hula kati ya nusu na robo tatu ya mwanga wa flashi, na safari ya kwenda darini na kurudi hula zaidi. TT600 hutumia betri nne za AA, na ikipigwa kwa nguvu kamili huhitaji takriban sekunde mbili na nusu kujiandaa tena hata betri zikiwa mpya. Betri zikianza kuchoka, muda huo hurefuka. Bibi na bwana harusi wakilishana keki, au watu wanapoingia kutunza huku wakicheza, kusubiri kwa muda huo ni sawa na kuikosa picha. V1 ina betri ya lithiamu na hujiandaa kwa takriban sekunde moja na nusu. Mwenye TT600 asikimbilie nguvu kamili: apandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600, afungue lenzi hadi f/2.8 au f/4, kisha aiache flashi ifanye kazi kwa robo ya nguvu yake. Chembechembe kidogo kwenye picha hazijawahi kulalamikiwa na mteja wangu yeyote.

Nje, kofia ivuliwe. Watu wengi hapa hupenda kupigwa picha ufukweni jioni, na kwa kuwa tuko magharibi kabisa mwa nchi huku saa yetu ikiwa moja na ya Dar es Salaam, jua letu huzama karibu na saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Maharusi huwekwa jua likiwa mgongoni mwao, na flashi inahitajika kujaza nyuso. Hapo hakuna dari wala ukuta, kwa hiyo mwanga unaotawanywa na kofia huishia ziwani. Kamera nyingi huoanisha shata (pazia linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga) na flashi hadi 1/200 au 1/250 ya sekunde, na ukilazimika kuvuka hapo kwa kutumia hali ya kasi kubwa, flashi hupoteza nguvu nyingi, ndipo utakapojuta kila kilichopotezwa na plastiki. Hata chini ya miembe ya pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, Ujiji, ambako jua hupenya kwenye majani na kuacha madoadoa usoni, kofia haisaidii kitu.

Kuba la silikoni sitalisemea mengi. Linafanya kazi ileile ya kofia kwa bei kubwa zaidi, ni zito, na la kwangu, ambalo niliuziwa kwa ahadi kwamba linakaa kwenye flashi zote, lilikuwa likiteleza kila nilipoinama. Mwenye V1 afikirie seti ya AK-R1 iliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa chake cha duara. Kuba lake hushikwa kwa sumaku, nami sijaona likianguka kwa bahati mbaya. Mwenye flashi ya kichwa cha mstatili apime kichwa hicho kabla ya kuagiza kofia, kwa sababu tofauti ya milimita chache inatosha kuifanya isiingie au isishike.

Kifaa ambacho nafsi yangu inakubali kukiita difyuza ni softiboksi. Sentimita 60 zikiwekwa mita moja au moja na nusu kutoka kwa maharusi ni chanzo kikubwa kwa maana ile niliyoieleza, na hakihitaji dari wala ukuta. TT600 ina kipokezi cha redio ndani yake, hivyo kinachoongezeka ni kichochezi cha kuwekwa juu ya kamera ili kuiamuru flashi iwake, stendi, na mtu wa kushika. Gharama yote kwa pamoja ni mara nyingi ya bei ya kofia, na nadhani mtu anayefanya harusi moja kwa miezi kadhaa hana haja ya kujiingiza humo. Anayezifanya kila wiki ataona tofauti kwenye picha za familia, na wateja nao wataiona. Upepo wa ziwani huangusha stendi bila huruma, kwa hiyo mimi huenda na mpwa wangu na mfuko mtupu. Mchanga wa kuujaza haununuliwi ufukweni.

Kwa anayefanya kazi za ukumbini pekee, mwamvuli mweupe wa kupitisha mwanga unaweza kuchukua nafasi ya softiboksi kwa bei nafuu zaidi. Ausimamishe tu upande ambao watunzaji hawapiti, kwa sababu stendi iliyowekwa kwenye njia ya watu wanaoingia wakicheza na zawadi kichwani haitafika zamu ya keki ikiwa bado imesimama.