Tangi gani ununue kama unataka kufuga matumbawe barandani, hapa hapa Unguja

Watu wakianza kuulizia akwariamu ya maji chumvi swali la kwanza huwa ni taa gani na samaki gani, na mie kila mara nawajibu kwamba hapa kwetu hayo yaje mwisho kabisa. Kama unakaa fleti, iwe Michenzani, Kilimani au hizi mpya za Fumba, na pahala pekee ulipobakiwa napo ni baranda, basi kinachoua viumbe ni vitu viwili, joto la kaskazi na umeme ukikatika. Kwa hiyo matangi nayapanga kwa kipimo kimoja tu: saa nane mchana mwezi wa 2, upepo umelala, umeme hakuna, lipi litafika magharibi na vitu bado viko hai ndani yake?

Joto kwanza tulielewe maana ndilo linaloamua pesa yako iende wapi. Bahari yetu mwezi wa 8 inakuwa kama nyuzi 25 hivi, mwezi wa 3 inafika 29 mpaka 30, na matumbawe yanaishi karibu sana na kikomo chao, joto likizidi nyuzi moja tu juu ya lile la kawaida la wakati wa joto na likakaa wiki kadhaa yanaanza kupauka, ndivyo ilivyotokea 1998 na ikarudi tena 2016 ukanda wote huu wa magharibi ya Bahari ya Hindi. Baharini maji ni mengi, jua la siku moja haliyafanyi kitu. Lakini kijitangi cha lita 30 kwenye baranda kinaweza kupanda nyuzi nne au tano mchana mmoja, na maji yakipata moto hewa iliyomo ndani yake inapungua, kwa hiyo samaki anakosa pumzi kabla hata joto lenyewe halijamuua.

Namba moja: tangi la kioo la kutengenezesha kwa fundi, kama lita 120

Urefu sm 60, upana 45, kina 45. Hili ndilo ninalowashauri wengi na sina wasiwasi nalo. Maji ni mengi kiasi cha kuchelewa kupata moto, lakini si mengi kiasi cha kutishia baranda, na juu liko wazi kwa hiyo feni inafanya kazi yake vizuri. Nenda kwa mafundi wa aluminiamu na vioo, mjini wapo wengi, mwambie unataka kioo cha milimita 10, akikwambia 6 inatosha mwambie hapana, ya 8 kubali tu kama ataweka ukanda wa kioo kuzunguka juu. Kingo zisagwe zisikate mikono. Silikoni iwe ile safi inayonuka siki ikiwa mbichi, isiwe ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuvu, hiyo dawa inaingia majini na kuua. Na kabla hujamaliza kulipa mwambie alijaze maji palepale dukani kwake likae siku tatu nne, fundi anaejiamini hatokataa. Ukilipokea, chini yake weka ubao wa povu ili uzito ukae sawa.

Uzito sasa, hapa msome vizuri jamani. Maji ya bahari lita 120 ni kilo 123, ongeza kioo kama kilo 30, mawe, na meza yenyewe, unakaribia kilo 200 zimesimama kwenye kipande kidogo sana cha zege. Baranda iliyojengwa vizuri inaweza kubeba, lakini fleti zetu nyingi ni za zamani na hewa ya chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, wewe juu unaona rangi tu. Shuka chini uitazame baranda yako kwa chini, ukiona nyufa, michirizi ya kutu au zege limemeguka nondo zinachungulia, usiweke tangi lolote hapo hata dogo. Kama iko salama weka tangi limegusa ukuta wa nyumba, karibu na nguzo au boriti, usiweke kule kwenye ukingo wa nje hata kama ndiko kunakopendeza. Na kama mwenye nyumba ni mtu mwengine muombe ruhusa kabla, maana lita 120 zikimwagikia kwa jirani wa chini ni ugomvi mkubwa.

Namba mbili: deli la barafu la wavuvi

Najua wengi watashangaa lakini kwa joto peke yake hili linashinda yote. Lile deli kubwa lenye ukuta mnene wa povu wanalotilia barafu na samaki, limetengenezwa kuzuia joto lisiingie, na ndicho hasa unachokitafuta. Baranda inayotazama magharibi inayopigwa na jua kuanzia saa tisa mpaka jua linazama, mie ningechukua hili na nisingefikiria kioo kabisa. Nunua jipya, lililokwisha tumika limekunywa damu na dawa za kuoshea, huwezi kulisafisha likasafika. Chagua lenye ukuta imara usiotanuka likijaa maji, ligonge, libonyeze kati, na lisiwe la kina kirefu sana, sm 40 mpaka 45 inatosha.

Kasoro yake unaona kwa juu tu. Lakini ukichagua matumbawe yanayopendeza kutazamwa kwa juu, yale laini yanayopepea na yale mapana kama sahani, unaona kilekile anachokiona mtu alieinamisha uso majini pale Mnemba, na kwa kweli wapo wanaopenda hivyo kuliko kioo. Kilicholiweka la pili ni watoto na wageni tu, kila mtu anataka kukaa kitini atazame kwa ubavuni.

Namba tatu: tangi kamili la kiwandani

Haya ni kama Fluval Evo ya lita 52 au Red Sea Max Nano ya lita 75, yanakuja na pampu, taa na chujio vyote mahali pamoja. Ni mazuri kweli, yametulia, kazi ni kuchomeka tu, kwa mtu anaeishi nchi ya baridi ningeyaweka la kwanza. Kwetu yana shida tatu. Maji ni kidogo, yale yenye mfuniko yanafungia joto ndani, na pampu ikifa unasubiri nyengine itoke Dar au Dubai na matumbawe hayawezi kusubiri. Ukilipenda sana basi liweke ndani upande wa pili wa mlango wa baranda ambapo jua halifiki, toa mfuniko, na agizia pampu ya akiba siku hiyohiyo unayoagizia tangi.

Chini ya hapo naenda haraka. Pipa lililokatwa au tangi jeusi la plastiki kama Simtank linafaa kuwekea maji ya akiba, kwa kufugia hapana, ukuta mwembamba na weusi unavuta jua. Friji bovu la kulala watu wanalitamani kwa sababu lina povu, lakini ndani yake kuna bati na mabomba ya shaba, chumvi itayafikia siku moja na shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono. Na lolote lililo chini ya lita 40, hata liwe zuri vipi dukani, sikushauri kwa baranda ya Unguja.

Pesa iliyobaki iende wapi

Hita usinunue, huku huihitaji mwaka mzima. Taa ya bei kubwa nayo ngoja kwanza. Baranda inayotazama mashariki inapata jua la asubuhi na hilo kwa matumbawe laini linakwenda mbali, taa ya kawaida ya LED inajazia tu, ila jua la saa sita lizuie na kitambaa cha kivuli la sivyo utafuga mwani. Kumbuka na jua linahama, mwezi wa 6 na wa 7 linaingia baranda zinazotazama kaskazini, mwezi wa 12 na wa 1 zile za kusini, kwa hiyo usichague pahala kwa kutazama wiki moja.

Nunua feni, mbili ndogo zinazopuliza juu ya uso wa maji. Lita moja ya maji ikikauka inaondoka na joto la kutosha kupoza lita mia kwa karibu nyuzi sita, kihesabu, kwa unyevu wa hewa yetu utapata nyuzi mbili mpaka tatu na mara nyingi inatosha. Chila, yaani mashine ya kupoza maji, ni nzuri na barandani inafaa zaidi kuliko ndani kwa sababu joto lake inalitoa nje, lakini bei yake mara nyingi inazidi tangi lenyewe na umeme wa tukuza, huu wetu wa kulipia kabla, utauona unavyokimbia. Pampu na chujio vya wati 25 vikiwaka mchana na usiku, na taa ya wati 60 kwa saa nane, ni kama uniti moja kwa siku. Chila ya wati 150 ikifanya kazi saa kumi tu peke yake inakula uniti moja na nusu.

Kitu cha lazima kabisa, na hiki sitaki mtu akiache, ni hewa ya dharura. Pampu ndogo ya hewa ya USB kwenye pawabenki, hiyo tu inaokoa samaki usiku mzima. Mwenye uwezo zaidi achukue pampu ya mzunguko ya volti 12 na betri ya sola, betri ya 18Ah kwa pampu ya wati 10 inakupa saa kumi hivi bila ya kuiumiza betri. Waya zote zipinde chini kabla ya kufika soketi ili tone la maji lidondoke lisiingie, na weka breka inayokata umeme ukivuja, maji ya chumvi na umeme si vitu vya kuchezea.

Maji

Hapa Mungu katupa neema, wenzetu nchi za bara wananunua chumvi ya maboksi na sie bahari iko mlangoni. Lakini si kila bahari. Karibu na bandari na pembezoni mwa Mji Mkongwe yanapotokea maji machafu usichote. Nenda upande wa Fumba au pahala pengine palipo wazi, wakati wa bamvua, maji yakikaribia kushiba, ndio yametoka kina kirefu. Wakati wa masika mvua kubwa ikishapiga subiri siku kadhaa maana maji ya ukingoni yanakuwa yamepungua chumvi. Yachuje kwa kitambaa, yaache siku mbili yamefunikwa na hewa inapita, alafu pima, unataka chumvi 35 kwa elfu, yaani gramu 35 kwa kilo ya maji, au uzito wa 1.025 mpaka 1.026 ukilinganisha na maji matupu, kwa rifraktomita, kile kipimo cha kuchungulia tone la maji, ile ya mshale ya plastiki inadanganya. Kubadilisha asilimia kumi kwa wiki ni lita 12, haijazi hata dumu moja.

Maji yanayokauka yanaondoka bila ya chumvi, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji yasiyo na chumvi, barandani yanaweza kufika lita 2 mpaka 4 kwa siku. Ya bomba yetu yanatoka kwenye mawe ya chokaa, ni mazito, yana chokaa nyingi. Ya mvua yaliyopita kwenye bati yana zinki. Na ya AC, ambayo yanadondoka hapohapo barandani na kila mtu anayaonea uchungu kumwaga, yamepita kwenye shaba, yasiingie. Nunua mashine ndogo ya RO ya nyumbani, ile inayochuja maji mpaka chumvi na chokaa zitoke, na kalamu ya TDS ya kupimia kama maji yametoka safi. Ndoo za akiba zifunike, maji yasiyo na chumvi yaliyotulia ni mazalio ya mbu wa dengi.

Mvua nayo ihesabu kabla hujachagua pembe ya kuweka. Tangi la 60 kwa 45 likinyeshewa milimita 100 linapokea lita 27, na chumvi inashuka kutoka 35 mpaka 28 kwa siku moja, matumbawe hayavumilii. Liwe chini ya paa hasa, na upepo wa kusi usiweze kuileta mvua kwa ubavuni. Juu weka wavu wenye matundu madogo, kunguru wa mji huu wanaona kila kitu, na paka pia. Siku wanapopuliza dawa ya mbu mtaani, au wewe mwenyewe unapopuliza chumbani, zima feni na pampu ya hewa kwanza na funika kwa plastiki mpaka harufu iishe, kamba wanakufa kwa kiasi kidogo mno cha dawa ile.

Mawe ya kujengea mandhari tumia jiwe la matumbawe la nchi kavu, lile la kujengea, ila lisiwe limeshikwa na chokaa au saruji, lioshe, liloweke wiki kadhaa huku ukibadilisha maji. Baada ya kuliweka tangini subiri wiki nne mpaka sita bakteria wanaosafisha maji wajijenge, pima amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu, mpaka zisome sifuri, ndio utie kiumbe. Matumbawe hai usiende kuyang'oa mwambani, wala usimtume mvuvi. Matumbawe yote magumu na makombe makubwa ya baharini yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyavusha mpaka kunataka kibali, na ya hapa nyumbani waulize Idara ya Uvuvi kabla hujagusa. Muuzaji akupe vipande vilivyokuzwa na watu, na karatasi zake uzione kabla hujatoa pesa. Kama hana, rudi nyumbani na tangi lako lenye mawe na maji, litakaa hivyohivyo hata miezi bila ya kuharibika.