Uzoefu wangu: injini ya boti inayozima ukiongeza resi, na karakana ya Nairobi iliyougundua ugonjwa wake

Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaokaa Nairobi huku boti zetu ziko Naivasha. Mafundi wa magari wamejaa kila kona ya jiji hili, lakini wa injini za boti unawatafuta kwa tochi, na anayeijua kazi yake anastahili kusemwa.

Injini yangu ni Yamaha ya nguvu farasi 15, ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Ilikuwa inawaka bila shida na kunguruma vizuri ikiwa haina gia, na hata ukitoka ufukweni polepole haikuwa na neno. Pakia watu wanne sasa, ongeza resi mpaka boti ianze kuinua pua: inavuta kidogo, inalegea, inakata. Ukisubiri kidogo inawaka tena kana kwamba si yenyewe. Naivasha kuna viboko, na kuzimikiwa na injini karibu na mafunjo ni hatari ya kweli, ndiyo maana jambo hili lilininyima usingizi.

Karakana ya kwanza niliyoiendea ilisafisha kabureta, ikaweka plagi mpya, kisha ikaniuzia koili, kile kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche. Kila mara waliiwasha mbele yangu ndani ya pipa la maji, bila gia, wakitumia tangi lao na paipu yao. Kwao haikukohoa hata siku moja. Ikirudi ziwani, yale yale.

Ya pili, ambayo ndiyo nataka kuizungumzia, iko Industrial Area. Nilipopiga simu, kabla hata sijamaliza kueleza, fundi akaniuliza, "Mkubwa, tangi na paipu unakuja navyo?" Nikamwambia viko kwenye boti. "Basi usilete injini peke yake. Nitapima nusu ya kitu."

Nikavifuata Naivasha, na swali hilo likanilipa. Fundi alitoa propela, akafunga nyingine ndogo ya majaribio ambayo huipa injini mzigo hata ikiwa ndani ya pipa. Karibu na mlango wa mafuta wa injini akaunganisha kipande cha paipu inayoonyesha ndani. Akatia gia, akaongeza resi taratibu. Mwanzoni petroli ilipita imejaa. Halafu tukaona mkondo unapungua, na ile balbu ya mpira ya kupampia mafuta kwa mkono ikaanza kubonyea yenyewe, tumbo likiingia ndani, mpaka injini ikakata. Akaniambia balbu ikibonyea hivyo, kizuizi kiko upande wa tangi. Akaangalia tundu la hewa la kifuniko cha tangi: liko wazi. Akaweka paipu yake kwenye tangi langu, akarudia jaribio, na injini ikavuta bila kulegea.

Paipu yangu aliipasua kwa wembe mbele yangu. Nje ilikuwa nzima kabisa. Ndani, utando ulikuwa umebanduka na kujikunja kama soksi iliyoteleza ndani ya kiatu. Injini ikiwa haina kazi hunywa mafuta kidogo, na kidogo hicho kilipita. Ikiomba mengi, utando ulivutwa na kuziba njia. Alinieleza pia jambo ambalo kila mwenye injini ya mipigo miwili anapaswa kulijua: oili inasafiri ndani ya petroli, kwa hiyo injini inayonyimwa petroli huku inakazwa inanyimwa na ulainisho pia, na pistoni inaweza kukwama. Kuilazimisha iendelee kunaweza kukugharimu injini nzima.

Hakuishia hapo. Aliuliza injini ilitoka wapi, nikasema Mombasa. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Farasi 15 wa pwani huku wanabaki kama 12. Hewa ikiwa nyepesi, jeti kuu, yaani kitundu cha kabureta kinachopima petroli, ikiwa ilipimiwa pwani humwaga petroli kupita kiasi. Akapendekeza jeti ndogo zaidi, na baadaye propela ambayo kila mzunguko wake husukuma boti umbali pungufu kwa inchi moja. Jeti nimeshaweka, na boti inainuka upesi zaidi.

Paipu mpya na balbu yake, pamoja na ufundi, vilikuwa nafuu kuliko koili niliyouziwa kule kwanza.

Yasiyonipendeza yapo. Risiti ilikuwa na jumla tu, nikalazimika kuomba mchanganuo wa vifaa na kazi. Jeti iliagizwa Mombasa na ikachelewa, wala hakuna aliyenipigia kunijulisha. Jaribio la mwisho unalifanya mwenyewe ziwani, maana maji ya karibu yangekuwa Bwawa la Nairobi, nalo limefunikwa na magugu maji kwa miaka mingi sasa, jambo linaloniuma kila nikipita Lang'ata.

Injini za mipigo minne zinazoendeshwa kwa kompyuta hawazipokei, na wanakuambia hivyo kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Kwa hizi za kabureta, mimi nitarudi kwao.