Kampala haina kosa, kosa ni la waliotutembeza

Kampala yenyewe haina kosa. Naanza na hilo asije mtu akasema nimeuchafua mji wa watu. Mji ni mzuri, chakula kipo, na masika yake ukiyajulia unatembea vizuri tu. Ninaowalalamikia ni mawakala wa safari waliochukua pesa za kikundi chetu wakatukabidhi kwa mwongozaji asiye na adabu. Jina lao silitaji, maana shauri bado liko mezani kwa kikundi, lakini yaliyotukuta nayasema yote.

Sisi ni akina mama wa Busia, upande wa Uganda: wauza mchele, mitumba, samaki. Kampala tunaijua, ila tunaijua kwa masoko yake ya jumla na mitumba, Kikuubo na Owino, basi. Unapanda gari usiku, unafika alfajiri, unafunga mzigo, unarudi macho mekundu. Kuna wenzetu wamekwenda na kurudi miaka nenda miaka rudi na hawajawahi kuinua kichwa kuangalia juu ya vile vilima kuna nini. Ndipo tukachangishana kidogo kidogo: baada ya Pasaka twende kama wageni, tutembee, tule vizuri, tulale hotelini, turudi.

Aliyelisukuma jambo hili ni Hajati, mkubwa wetu kwa umri. Haja yake ilikuwa moja tu, kuswali Ijumaa kwenye msikiti wa taifa pale Old Kampala. Hilo nililisema kwenye simu, nikaliandika na kwenye ujumbe. Wakajibu, "Hakuna shida." Nikawaambia Kiganda tunaokijua ni wachache na Kiingereza wengi wetu hakitutoshi, kwa hiyo tupewe mwongozaji wa Kiswahili. "Hakuna shida." Nikauliza kuhusu mvua, maana kuanzia Machi hadi Mei mvua ya Kampala ikishuka mchana barabara za bondeni zinajaa maji na jamu haisogei. Hilo nalo likawa hakuna shida. Pesa zikatumwa kwa simu.

Safari ya kwenda, sina la kulaumu. Kosta, yaani basi dogo lao, ilikuwa safi, viti vizima, na dereva mtu mzima mwenye heshima zake. Tulipovuka daraja jipya la Jinja, lile lililofunguliwa mwaka 2018, alipunguza mwendo bila kuombwa ili tuone nyaya zake na mto Nile chini yake. Namawojjolo tukasimama. Mtu asikwambie upite Namawojjolo na dirisha umefunga! Wauzaji wanakujia mbio, kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma, za moto zimepasuka ubavuni, unakula hapo hapo garini mafuta yanakufika kiwikoni. Jamu ilitushika kuanzia Mukono, ikatushika tena Banda, na hadi tunaingia mjini mwongozaji ameshatupigia mara kadhaa anauliza tuko wapi. Nilidhani anatujali.

Msikitini tulifika kabla ya adhana. Wenzetu Wakristo walipewa vitambaa vya kujifunga mlangoni, wakakaribishwa kwa upole. Msikiti ule ulianzishwa wakati wa Idi Amin ukakwama miaka mingi, mpaka Gaddafi wa Libya alipotoa pesa ukakamilika, ndiyo maana watu wengi bado wanauita kwa jina lake. Ndani zulia ni jekundu, nguzo ni nene, na kuba ukiitazama shingo inauma. Hajati aliswali safu za wanawake, akabaki kidogo anaomba dua. Alituambia anawaombea wazazi wake.

Baada ya swala tulitaka kupanda mnara. Ngazi ni zaidi ya 300, lakini ukifika juu miguu unaisahau: Namirembe ile pale na kanisa lake la matofali mekundu, Rubaga na minara yake miwili, Kibuli na msikiti wake, na chini kabisa stendi ya teksi, yaani matatu, magari meupe yenye ukanda wa miraba ya bluu, yamebanana hata huoni ardhi. Mimi nimepanda teksi pale miaka yote na sikujua kwamba kutoka juu ni pazuri vile. Kijana wa msikiti aliyetupandisha alitueleza kila kilima kwa Kiswahili safi. Kijana wa msikiti, siyo mwongozaji wetu tuliyemlipia. Mwongozaji wetu alikuwa amebaki garini, anaangalia saa.

Tuliposhuka alikuwa amekunja uso. Mezani tulipangiwa saa saba, sasa inakaribia tisa, na mvua imeanza. Hivi ukimwandikia mtu kwamba mteja wako anataka kuswali Ijumaa, wewe unampangia chakula saa saba kwa hesabu gani? Hapo hakuna cha kumlaumu Hajati. Lakini lawama zote, kuanzia Old Kampala hadi hotelini kwa chakula, zilimwangukia yeye.

Chakula kilikuwa luwombo. Kwa asiyejua, ni nyama au kuku na mchuzi wa karanga, vinafungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni likalainika, kisha kifurushi kinapikwa kwa mvuke juu ya matoke. Wakileta mezani jani limegeuka rangi ya kahawia, unafungua kamba, mvuke unakupiga usoni na harufu ya karanga na moshi. Nimekula luwombo kwenye harusi nyingi, ile ya pale ilizizidi zote. Mpishi wa pale apewe haki yake.

Hajati kabla ya kufungua lake aliuliza, kwa Kiswahili, taratibu, anamtazama mwongozaji: "Mwanangu, nyama hii amechinja nani?" Ni swali la kawaida kabisa. Uganda hii hata mahoteli ya Wakristo humwita Mwislamu achinje ili wateja wote wale, na mhudumu angejibu kwa neno moja. Yule kijana hakumjibu. Alimgeukia mhudumu akamwambia kwa Kiganda, akidhani hakuna anayemsikia, "Hawa Waswahili hawajui chakula, wao wape chochote tu." Mimi nilimsikia. Mhudumu mwenyewe aliinamisha macho. Hajati akarudia swali lake. Ndipo yule kijana akasimama, akatoa kifua mbele, akaifanya sauti nzito ya kiaskari, akapiga makofi: "Haya mama, kula haraka! Panda gari! Panda gari!" Meza ya jirani wakacheka.

Hajati aliusukuma luwombo wake katikati ya meza, hajaufungua, akanawa mikono ambayo haikuwa imegusa chakula.

Vijana wa siku hizi huenda hawajui. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa serikali ya pili ya Obote, askari walikuwa wakizingira mitaa ya Kampala, wanakamata watu ovyo, na amri ilikuwa hiyo hiyo, panda gari. Waliopakiwa, wengi hawakuonekana tena. Operesheni zenyewe watu waliziita kwa jina hilo. Hajati miaka ile alikuwa msichana, anauza nguo Owino. Ameyaona kwa macho yake. Sasa amekuja mjini kwa pesa yake, ametoka kuswali, na mtoto wa juzi anamfokea maneno yale kwa mzaha mbele ya watu wanaokula.

Najua dharau hii ya Kiswahili inakotoka. Wazee wa Buganda wana kidonda na Kiswahili na sitawaambia wasiwe nacho. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango usiku. Mzee wa Kampala akininunia nikimsalimu kwa Kiswahili, namwelewa, naendelea na salamu yangu kwa Kiganda. Lakini kijana huyu hakuwa amezaliwa! Kidonda si chake, amekiokota akakifanya mchezo. Na kwetu Busia Kiswahili hakina bunduki, ndicho tunachopimia mchele na kukopeshana, Msamia na Mteso na Mganda wote wanaelewana. Katiba ilishakifanya lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Mtu anayekula mshahara kwa kutembeza wageni wa Afrika Mashariki hajazisikia habari hizo?

Siku ya pili wakala walibadilisha ratiba, makumbusho pale Kamwokya yakafutwa "kwa sababu ya muda". Makumbusho yaliyoanza mwaka 1908, makongwe kuliko karibu yote ya ukanda wetu, yanafutwa ili kijana awahi kwake. Kasubi tulikwenda. Hajati alikataa kushuka garini. Sisi tulishuka, lakini moyo ulikuwa nusu. Jumba lile kubwa la nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, linalohifadhi makaburi ya makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda, liliungua Machi 2010, na ukilitazama leo limesimama tena huwezi kuamini. Mwaka 2023 UNESCO waliliondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyasi zimepangwa zikashuka mpaka karibu na ardhi, kazi ya mikono ya watu wanaoijua kazi yao. Nilitaka Hajati auone ule ufundi. Niliporudi garini kumbembeleza nikamkuta anacheka.

Dereva. Huyu ndiye anayenisumbua nikitaka kuandika kwamba kampuni yote ni ya hovyo, maana siyo kweli. Alikuwa amezima injini, amekaa ngazi ya mlango na chupa ya chai, wanaongea Kiswahili yeye na Hajati kuhusu Malaba ya zamani. Kumbe ameendesha malori ya Mombasa miaka mingi. Yeye ndiye aliyemshika mkono akamshusha, akamzungusha ua wa Kasubi polepole, mwongozaji akiwa na simu yake pembeni. Jioni, badala ya mkahawa tuliopangiwa, dereva alitupeleka Ggaba ufukweni tukala samaki mzima wa kukaanga na chipsi za mihogo. Sisi wa Busia samaki wa Majanji, mwalo wetu wa ziwani, tunamjua, hatudanganywi kwa samaki; yule alikuwa wa siku ile ile. Kabla hajaagiza, dereva alimuuliza Hajati kama anakula cha pale, akangoja jibu. Kabla ya hapo alizunguka akatupitisha hata hekalu la Wabahai pale Kikaaya, lipo tangu 1961, halikuwa kwenye ratiba wala hakudai shilingi.

Kwa ajili ya dereva nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu, niandike kwa upole kwamba wabadilishe mwongozaji tu na mengine yako sawa. Ningewashauri na wengine watumie kosta yao, ila ratiba wajipangie wenyewe: msikiti na mnara asubuhi, Kasubi asubuhi, mchana mvua ikinyesha mko ndani mnakula au mko makumbusho, na Ijumaa msipange chakula kabla ya saa tisa. Hivyo ndivyo ningeandika.

Kisha nikapiga simu ofisini. Aliyepokea, mwanamke, alinisikiliza, kisha akasema yule kijana "alikuwa anatania tu, wateja wengine hufurahi". Wateja gani hao? Nikamuuliza kama angemtania mama yake mzazi hivyo. Akanyamaza kidogo, akaniambia wanaweza kutupunguzia bei ya safari ijayo, na tukitaka mwongozaji mzuri zaidi wa Kiswahili kuna nyongeza ndogo. Nyongeza! Kitu nilichoandika kwenye ujumbe wa kwanza, nikalipia, wakajibu hakuna shida, sasa kina bei yake pembeni. Nyota tatu zikaishia pale pale. Nawapa moja, na hiyo moja ni ya dereva, akihamia kampuni nyingine aende nayo.

Kikundi kimekaa kikagawanyika. Wengine wanataka pesa ya chakula cha Ijumaa na ya makumbusho irudishwe, risiti tunazo. Hajati anasema yeye pesa hataki, wabaki nazo. Mimi niko upande wake. Tunachodai ni kijana yule ampigie Hajati mwenyewe, siyo mimi, siyo kwa barua ya ofisi, amwombe radhi kwa Kiswahili. Namba yake wanayo, iko kwenye fomu waliyotujazisha. Mpaka naandika haya simu haijalia, na mwezi wa nane kuna kikundi kingine cha hapa Busia kimeniuliza kitumie wakala gani. Nimewajibu leo asubuhi: siyo hawa.