Mérida ya Hispania: Nimekwenda Kuona Warumi, Nikanasa Kwenye Birika

Haya wadau, kabla ya yote: mkitafuta hoteli, andikeni Mérida ya Hispania! Mimi niliandika Mérida tu, kidogo nilipie chumba Meksiko. Iko nyingine huko.

Hii ndiyo makao makuu ya Extremadura, jimbo la Hispania. Kaizari Augusto aliwapa askari wake wastaafu mwaka 25 KK. Ukumbi wa maigizo wa Kirumi mmeshauona kwenye picha, zile nguzo. Ni mzuri, kila kiangazi watu bado wanaigiza pale. Tusonge.

Mimi nataka mje hapa. Hii ni Alcazaba, ngome iliyojengwa mwaka 835, enzi za Abd al-Rahman wa Pili, mtawala Mwislamu. Na huu mto nyuma yangu, Guadiana? Hiyo "Guadi" ni wadi, wadi ile ile ya Kiarabu, yaani bonde la mto. Sasa ngoja nigeuze kamera... mnaona mlango ule? Ndani ni birika, tangi la maji la chini ya ardhi, na kuna ngazi mbili, zinakwenda sambamba mpaka majini, hata punda akaweza kushuka kuchota. Twendeni. Shikeni ukuta, panateleza. Sikieni sauti yangu inavyobadilika... eee! Huko juu jua linachoma mpaka simu imezima mara mbili, huku chini utatamani shuka. Maji haya yanatoka mtoni, yanachujika yenyewe ardhini. Pampu hakuna. Na hizi nguzo za nakshi, tazameni kwa karibu, zabibu zile, wajenzi wa ngome walizitoa kwenye majengo ya Wavisigothi, watu waliotawala hapa kabla ya Waislamu. Nimekaa humu dakika arobaini, jamani. Watalii wanachungulia, wanapiga picha moja, wanaondoka!

Bei sasa. Langoni nilinuna, maana kule Segovia mfereji wa Kirumi unautazama bure. Halafu nikagundua hapa nao wana wao, Los Milagros, bure kabisa, na korongo wamejenga viota juu yake. Kwa hiyo nimefuta maneno yangu. Ila tiketi nunueni ya jumla, msikate moja moja kama mimi. Na chakula kuleni mapema, mchana maduka mengi yanafungwa; nimezunguka na njaa kama mbwa koko.

Maikrofoni mpya, mniambie kwenye maoni kama inasikika humu birikani. Kesho Cáceres, nikipata ba—