Meneja wa paswedi wa kujihostia: dola tano zilivyonitoa jasho

Ni programu ya kutunza paswedi unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe; jina lake naliacha, wenye nayo mtaijua tu. Kazi za kila siku sina neno nayo, paswedi zote za ofisi zipo humo na kwenye simu inafunguka chap. Shida ni ule mlango wa admin jamani.

Unaambiwa ADMIN_TOKEN, yaani tokeni ya kuingilia mlango huo, usiiweke wazi wazi, ipitishe kwanza kwenye Argon2, njia ya kuivuruga isisomeke. Sawa, nikaipitisha, likatoka limstari refu linaanza $argon2id$v=19$m=65540 na kuendelea, nikalibandika kwenye docker-compose.yml, faili la mipangilio ambalo Docker Compose inalisoma kuwasha programu, nikawasha kontena (kisanduku inamoendeshwa programu), naingia /admin naambiwa tokeni si sahihi. Narudia, si sahihi. Nampigia kijana wa kampuni iliyotufungia seva, ambaye tunamlipa kila mwezi, ananijibu kama nimemwamsha, "Mkuu kopi vizuri bwana, unaacha herufi, au zungushia nukuu." Nimezungushia nukuu, wapi! Namwambia mbona kuna onyo hapa eti "argon2id" haijawekwa, akasema hayo maonyo achana nayo, simu akakata. Akakata!

Na lile onyo ndilo lilikuwa linasema kila kitu. Compose ikikuta alama ya dola inajua hapo kuna jina la kutafutia thamani, inatafuta, haipati, inaweka patupu. Lile limstari (hashi) lina alama za dola tano, zote zikaliwa pamoja na majina yanayozifuata, ndani ya kontena nakuta kipande tu, =19=65540,t=3,p=4. Kwenye yml kila dola unaiandika mara mbili, $$, basi. Nukuu za alama moja ('...') zinasaidia kwenye .env, faili la pembeni la kuwekea thamani, huku hazikusaidii kitu.

Nilishaamua nyota moja. Ila nilipoingia nikaalika wafanyakazi, nikafunga usajili wa watu wa nje, na mimi admin mwenyewe sioni paswedi ya mtu hata moja maana zinafungwa kwenye kifaa chake kabla hazijafika kwenye seva, hapo nikapoa, nikasema hii nne. Halafu juzi nabadilisha tokeni kwenye yml haisikii! Kumbe ukishasevu mipangilio kwenye ukurasa wa admin inaandikwa kwenye faili lake jingine, config.json, na hiyo ndiyo inayosikilizwa kuanzia hapo. Tatu. Aah hapana, nne ibaki, programu yenyewe hainijibu ovyo. Yule kijana ndiye sifuri, na hela yake ya mwezi huu asahau kwanza.