Tathmini ya kifurushi cha shughuli za Halloween kwa darasa la chekechea

Kifurushi hiki kimekusudiwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, na ndani yake mna kadi za picha, karatasi za mazoezi, vibano vya plastiki, buibui wa mpira, barakoa za karatasi na kijitabu kinachomwongoza mwalimu kupanga masomo ya wiki inayoishia tarehe 31 Oktoba, siku ya sikukuu ya Halloween. Baada ya kukitumia darasani, naona kwamba thamani yake imo katika shughuli zinazompa mtoto kitu halisi cha kushika, kunusa na kuhesabu.

Shughuli ya boga, ambalo mwalimu hulitafuta mwenyewe, inazipita nyingine zote. Kabla ya kulitia majini, watoto huulizwa kama litazama au litaelea, na wengi hujibu bila kusita kwamba litazama kwa kuwa ni zito. Linapoelea wanashangaa, na mshangao huo ndio unaowafanya wangoje kwa hamu mwalimu alikate, waone uwazi uliomo ndani, nyuzi zenye utelezi na mbegu zilizong'ang'ania nyama. Mbegu huoshwa na kupangwa kumi kumi. Hapo mtoto aliyezoea kuimba namba bila kuzihusisha na chochote huanza kugusa mbegu moja kwa kila namba anayoitaja, na hiyo ni hatua kubwa katika hisabati ya umri huu. Kipande kinachobaki huwekwa katika mtungi wa kioo uliofungwa ili watoto wafuatilie jinsi ukungu unavyoenea siku hadi siku na kuchora wanachokiona. Ningependa mwongozo ungesisitiza kwamba mtungi huo usifunguliwe kamwe, maana vumbi la ukungu linaweza kumletea shida mtoto mwenye pumu.

Vibano navyo vimefikiriwa vizuri. Mtoto huwanasua buibui kutoka kwenye utando wa nyuzi uliofungwa juu ya kikapu, na vidole vyake hufanya kazi ile ile ya kubana ambayo baadaye itamsaidia kushika penseli. Inasikitisha kwamba kadi inayoandamana na zoezi hili inamwonyesha buibui mwenye miguu sita na kumweka katika kundi la wadudu, ilhali ana miguu minane na si mdudu kwa maana ya kisayansi. Mtoto wa miaka minne huamini anachokihesabu, hivyo niliirekebisha kadi hiyo kabla ya kuigawa. Kadi za popo hazina kasoro kama hiyo. Zinaeleza kwa picha kwamba popo hunyonyesha watoto wake na kwamba wengi wao hutambua njia gizani kwa mwangwi wa sauti zao.

Karatasi za mazoezi ni za kawaida tu, zilizochorwa mizimu pembeni.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni barakoa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, rafiki aliyefunikwa uso anaweza kuonekana kuwa mtu mwingine kabisa, na kumwambia kwamba ni mchezo hakumtoi hofu. Mwongozo haugusii jambo hili hata kidogo. Mimi nashauri kila barakoa ifungwe kwenye kijiti ili mtoto aishike mwenyewe mbele ya kioo na kuishusha atakapo, na asiyetaka aachwe bila kubembelezwa. Wazazi nao wanastahili kuarifiwa mapema. Halloween inahusishwa na Samhain, sikukuu ya kale ya Waselti, watu wa kale wa Ulaya, na vilevile na mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, na zipo familia zisizoiadhimisha kwa sababu za imani. Kwa watoto wao, boga, buibui na popo hufundisha yale yale hata neno Halloween lisipotajwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtoa mtoto yeyote nje ya somo.

Kwa mwalimu wa watoto wa miaka minne na mitano nakipendekeza bila wasiwasi, mradi aisahihishe kadi ya buibui. Mwenye watoto wa miaka mitatu akae nao mezani muda wote wa mazoezi ya mbegu na vibano, na mwenye walio chini ya umri huo asikinunue, kwa kuwa mbegu za boga na buibui wale wa mpira ni wadogo kiasi cha kuweza kumpalia mtoto.