Bujora mara mbili: wakati wa Bulabo na siku ya kawaida

Nimekwenda Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora mara mbili ndani ya mwaka mmoja, mara ya kwanza mwezi Juni wakati wa Bulabo, sherehe ya kila mwaka ya ngoma za Kisukuma, na mara ya pili mwezi Septemba, siku ya Jumanne isiyo na shughuli yoyote. Naandika haya kwa sababu wenzangu hapa Mwanza huniuliza wakati mzuri wa kwenda ni upi, na kila mara najikuta nikitoa majibu mawili.

Makumbusho yapo kwenye kilima karibu na Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Asiye na gari hupanda daladala hadi Kisesa, kisha huchukua bodaboda. Apatane bei kabla ya kupanda, hasa mwezi Juni; mimi sikupatana, nikalipa karibu mara mbili ya jirani yangu aliyekuja kwa njia ileile.

Bulabo hufuatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na kwa kuwa sikukuu hiyo huhesabiwa kutoka Pasaka, tarehe yake hubadilika kila mwaka, ingawa kwa kawaida huangukia Juni. Neno lenyewe kwa Kisukuma maana yake ni maua. Huo ni msimu ambao mvua zimekwisha, mavuno yako nyumbani na mkulima ana nafasi ya kusimama juani nusu siku akitazama ngoma bila kuwaza palizi. Aliyeyaanzisha makumbusho haya ni Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, na ndiyo maana hapa kanisa la mviringo lenye alama za Kisukuma na uwanja wa ngoma vinakaa kilima kimoja bila kuoneana haya.

Mashindano ya ngoma ni ya Bagika na Bagalu, vyama viwili ambavyo asili yake huelezwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliotaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi. Utaratibu wake ni mgumu kwa mtu aliyezoea kukaa kitini na kungoja jukwaa moja, kwa sababu makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na kwa desturi mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Mtazamaji, kwa hiyo, ndiye hakimu, na hukumu yake anaitoa kwa miguu. Nilikuwa upande wa wacheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, nikimtazama kijana mmoja akirusha jembe juu, likazunguka, akalidaka kwa mpini bila kupoteza hatua, mara mama aliyekuwa mbele yangu akamkaza mtoto mgongoni na kuondoka kuelekea upande wa pili, ambako kelele zilikuwa zimeanza. Wakamfuata watu kama kumi. Ningi, yaani kiongozi wa ngoma, aliwaona. Akapandisha sauti, akaingiza maneno yaliyowafanya waliobaki wacheke sana, na baadhi ya walioondoka wakageuza shingo. Sikuyaelewa maneno yale, na nilijuta kuja bila mtu wa kunifasiria.

Kasoro ya siku hiyo ilikuwa ya safari, wala si ya ngoma. Nilikwenda na kikundi kilichokusanywa na mwandaaji mmoja wa mjini, aliyetuahidi siku nzima, kisha akatufikisha saa sita mchana na kuanza kutuita garini saa tisa. Makumbusho yenyewe niliyapitia kwa haraka, nikisukumwa na umati, na nilichokumbuka baadaye ni migongo ya watu.

Septemba nilirudi na baba mkwe wangu. Yeye anaishi Sengerema, na zamani safari kama hii ingempasa kusubiri kivuko cha Busisi, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lifunguliwe Juni 2025, aliingia Mwanza mapema asubuhi akiwa hajachoka. Kwa sisi wenye wazazi ng'ambo ile, sijui maboresho gani mengine ya utalii yatalifikia hilo.

Siku hiyo tulikuwa karibu peke yetu. Mtembezaji alimwamkia Baba, "Mwangaluka," na baada ya hapo maelezo yakawa mazungumzo. Katika jumba la watemi, yaani machifu wa zamani wa Kisukuma, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, tulikaa muda mrefu mbele ya ngoma za watemi, kwa kuwa Baba alitaka kujua kila moja ilitoka kwa mtemi gani. Lakini kilichomshika zaidi ni maonyesho ya namna za kuhesabu. Wasukuma walikuwa na mifumo kadhaa ya kuhesabu moja hadi kumi, kila rika na jinsia na wake, kama lugha ya siri ya kutambuana. Baba aliusoma wa wavulana kwa sauti, akiupiga kwa vidole kwenye fimbo yake, akafika kumi bila kutazama tena. Nikamwomba ausome na wa wanawake.

"Huo si wangu, mwanangu. Kamuulize mama yako."

Tulikaa pale saa tatu na ushee, na hakuna aliyetuharakisha. Nilimweleza habari za Juni, za majembe na za yule mama aliyehama na mtoto mgongoni, naye akasikiliza kimya hadi tulipofika Kisesa. Hapo ndipo aliponiuliza Pasaka ya mwakani itakuwa lini.